Tepu Iliyokuwa Shingoni Mwangu

Mtu akikuambia, "Sista, mazoezi yote nimefanya," usimwangalie usoni. Usoni kila mtu ni mtakatifu. Angalia godoro. Angalia kama shuka limejikunja pale kisigino kinapokaa, au kama blanketi bado limekunjwa vilevile ulivyoliacha wiki iliyopita. Hivyo ndivyo nilivyofanya kazi miaka yote niliyozunguka Kawangware na Kibera nikiwafuata watu waliovunjika miguu, na kwa kuwa nyinyi mliobaki kliniki mmenisumbua niwaandikie kitu kabla sijasahau, naanza na hilo. Vyeo siviandiki. Mnajua nani alipata nini, na aliyepata bila kustahili anajijua.

Siku yangu ya kwanza ilikuwa Kawangware. Nilitoka chuoni na viatu vipya, nikidhani nitakuta mashine. Nikakuta chumba kimoja nyuma ya kanisa, benchi la mbao lililochakaa, na Mama Zamzam. Huyu alikuwa mzaliwa wa Makina, kule Kibera, mama mfupi mwenye mtandio mweupe, na kazi ya viungo aliijua kwa mikono kabla ya mimi kuzaliwa. Alinitazama kuanzia kichwani mpaka kwenye vile viatu akasema, "Haya Nekesa, panda juu ya benchi." Nikapanda. Akanilaza ubavu, akanifinya kando ya nyonga kwa kidole gumba mpaka nikaruka.

"Hapo ndipo mtu anaposimamia," akasema. "Watu wanadhani wanatembea kwa magoti. Uongo. Ukiinua mguu mmoja, ni hii misuli ya upande wa pili inakushikilia usianguke. Mgonjwa akilala, hii ndiyo ya kwanza kuondoka."

Ni kweli. Misuli ya nyonga na ya makalio ni kama watu wa kibarua. Siku usiyowaita, wanangoja getini. Ya pili pia wanangoja. Ikizidi hapo, wameshaondoka, na kuwarudisha ni shughuli ya miezi. Mfupa ukivunjika watu wote huulizia mfupa. Mfupa ukipumzishwa hujiunga wenyewe. Ila nyama iliyokuwa ikiubeba huwa imeshakonda kimyakimya chini ya blanketi, na siku mtu anapoambiwa asimame anakuta hana cha kusimamia. Ndiyo maana tunawaambia, hata kabla hawajaruhusiwa kukanyaga, wabane makalio na kuhesabu mpaka kumi, wakandamize goti chini, walalie upande mzima na kuinua ule mbovu juu polepole. Ni mazoezi madogo ya aibu. Hakuna anayekushangilia ukibana makalio.

Mama Zamzam alikuwa na tepu ya kitambaa, ya manjano, ya fundi wa nguo, iliyoning'inia shingoni mwake mchana kutwa. Nyonga yenyewe huwezi kuizungushia tepu ikakupa jibu la maana, imejificha. Tulipima paja, mahali tulipotia alama kwa kalamu, kwa sababu paja na nyonga huondoka pamoja na hurudi pamoja. Na kila asubuhi, kabla ya mgonjwa wa kwanza, aliilaza ile tepu kwenye ukingo wa benchi, kati ya mikato miwili ya kisu iliyokuwa pale, akaikandamiza kwa vidole gumba, akainama kuitazama, kisha akaivaa. Nilidhani anainyoosha makunyanzi. Sikuuliza. Mtu ametoka chuoni na cheti, aulize habari ya mama mzee kunyoosha tepu?

Nililolishika ni lile alilokuwa akinirudia: "Mgonjwa atakuambia kile anachofikiri unataka kusikia. Wewe uliza mguu."

Niliuliza miguu, nikawa na sababu ya kuiuliza. Kulikuwa na fundi mmoja wa mjengo, hapohapo Kawangware, aliyeanguka kutoka kwenye jukwaa la mbao akavunjika mguu. Nilimpa karatasi ya kutia alama kila siku anapofanya mazoezi. Jumatano nikaenda kumwona. Alama zote zilikuwa safi, zimenyooka, za kalamu moja, na zimefika mpaka Jumapili. Jamaa alikuwa amefanya mazoezi ya siku ambazo Mungu bado hajaziumba. Nilipomwonyesha alicheka mpaka akashika mbavu, akaniambia, "Sista, hiyo ni imani." Paja lake lilikuwa linakwisha wiki baada ya wiki. Mpaka leo nikimwona barabarani anayumba kama bata.

Baada ya huyo nikawa mtu wa mitego. Nilianza kuweka ukurasa wa gazeti kuukuu chini ya makalio ya mgonjwa, juu ya godoro, nikimwambia ni kwa ajili ya usafi. Anayebana na kuinua, gazeti hukunjamana na kuchanika. Asiyefanya, nalikuta limelala kama lilivyotoka kwa muuzaji. Niliwakamata wengi. Nilikuwa na daftari, na mbele ya jina la mtu niliandika neno moja: *hafanyi*. Wenzangu walinitania kwamba ningefaa polisi. Sikukasirika. Njia ya mwongo ni fupi, na mimi nilikuwa nimekaa mwisho wake na daftari langu.

Mama Zamzam alipostaafu alivua ile tepu akanivisha shingoni mbele ya wagonjwa, nikalia kama mtoto. Muda si mrefu nikahamishiwa Kibera. Lile benchi likatupwa, kliniki zote zikapata meza za plastiki. Hakuna aliyelilia benchi.

Sasa nawapa habari niliyokaa kuiandika. Nilikuwa nimebakiza mwaka mmoja nistaafu, mvua za masika zimeanza, na nikapewa mama mmoja wa Kisumu Ndogo, hapohapo Kibera, aliyeuza omena, wale dagaa wa ziwani. Soko zima lilimwita Nyar Alego, yaani binti wa Alego, kama Wajaluo wanavyomwita mwanamke kwa kwao. Alikuwa ameteleza kwenye ubao wa kuvukia mtaro akiwa na beseni la omena kichwani. Omena waliokolewa na majirani. Paja halikuokolewa. Alilazwa hospitalini wiki nyingi mguu ukivutwa kwa uzito, kisha akarudishwa chumbani kwake na magongo mawili na onyo kwamba asiukanyage mguu ule mpaka picha ya mfupa ionyeshe umeunga.

Siku ya kwanza, Ijumaa, nilimkuta na mwanawe, Ochieng', mchomeleaji wa mageti kule Kawangware. Kijana mwenye heshima, mikono imejaa alama za moto. Na jirani wa mlango wa pili, Rose, fundi wa nguo, alikuwa pale na cherehani yake kwenye varanda, macho kwenye kitambaa na masikio kwetu.

Nilipima. Mguu mzima ulikuwa sentimita arobaini na nane. Mbovu, arobaini na mbili. Niliandika zote mbili. Huo mzima sikuupima tena baada ya siku hiyo. Mguu mzima hauna kesi, nilikuwa nikisema.

Ochieng' akanitoa nje kidogo. "Sista, mimi sijui mambo ya misuli. Niambie ukweli tu. Mguu ukiongezeka, mama anabaki hapa na mimi nitakuwa nakuja. Ukipungua, nampeleka ushago, kule Alego, kwa bibi ya ndugu yangu. Hapa choo iko mbali, matope ni hii unaona. Siwezi kumwacha aanguke tena."

Nyar Alego alikuwa na masikio. Kutoka ndani akapaza sauti: "Ochieng'! Ushago nitaenda na miguu yangu. Mimi si gunia ya kubebwa!" Kisha akaniita, akanishika mkono. "Sista, nikienda kule watanilaza. Watanipikia, wataniogesha, watasema mama pumzika. Nitapumzika mpaka nife. Nipe hayo mazoezi."

Nilimwamini kwa dakika moja hivi. Halafu nikaweka gazeti chini ya makalio yake.

Ijumaa ya pili gazeti lilikuwa vipande vipande. Nikafurahi, nikazungusha tepu: arobaini na mbili. Hakuna kilichoongezeka. Nikasema moyoni, bado mapema. Ijumaa ya tatu gazeti limechanika tena, tepu ikasema arobaini na moja na nusu.

Hapo damu ya upolisi ikanipanda. Gazeti linasema anafanya, mguu unasema hafanyi. Mmoja wao anadanganya, na mimi nilijua mguu haudanganyi. Basi gazeti analikunja kwa mkono! Nilimwangalia Nyar Alego akijifuta jasho usoni, nikafikiri, hata jasho hili huenda ni maji ya beseni.

"Mama," nikamwambia, "unafanya kweli?"

"Nafanya asubuhi, mchana na jioni."

"Mbona mguu unapungua?"

Akaacha kujifuta. "Wewe ndiye daktari. Unaniuliza mimi?"

Nilimshuku Rose pia. Ochieng' alikuwa akileta mayai kwa ajili ya mama yake, maana misuli bila chakula ni kujenga bila matofali. Rose ndiye aliyeyachemsha. Nilimwona Rose ana mashavu, nikahesabu maganda kwenye ndoo ya takataka nikijifanya natafuta mahali pa kutupa pamba. Maganda yalitimia. Nikajiambia, kutimia kwa maganda hakusemi nani alikula. Mnaona nilivyokuwa. Rose alinikuta nimeinama kwenye ndoo, akauliza, "Sista, umeangusha kitu?" Nikasema hapana. Akarudi kwenye cherehani, akakanyaga ile pedali kama mtu anayemkanyaga mtu.

Mvua nazo zilikuwa hazikatiki. Nilivukia Gatwekera, mtaa wa jirani, kila siku, na kila siku nilifika na begi limelowa na tepu imelowa ndani yake. Kitambaa kikilowa hujikunja. Kwa hiyo nikifika nyumbani niliitundika kwenye msumari, nikaifungia upande wa chini kufuli kubwa la mlango wa zamani kama uzito, ikauke ikiwa imenyooka. Nilijiona ninaitunza kweli tepu ya Mama Zamzam. Nilifanya hivyo majuma yote ya masika.

Ijumaa ya nne, arobaini na moja kamili.

Siku hiyo nilimfokea. Naandika hili kwa sababu bila hilo mengine hayana maana. Nilimwambia, "Mama, unajidanganya mwenyewe. Mimi nimefanya kazi hii tangu nikiwa msichana. Nawajua watu kama wewe. Mtu anataka kubaki Nairobi lakini hataki kuumia." Alijivutia leso juu ya miguu, akageukia ukutani. Nikatoka nje nikampigia Ochieng' simu, nikamwambia mguu unapungua, mama hafanyi mazoezi, aamue. Nikaandika kwenye daftari: *hafanyi*.

Ochieng' akasema, "Asante kwa kuwa mkweli, Sista. Jumamosi ijayo tutasafiri."

Ijumaa iliyofuata nilikwenda kufunga faili tu. Siku moja kabla, alikuwa amepelekwa kupigwa picha, na mfupa ulikuwa umeunga. Ameruhusiwa kuanza kukanyaga, na ameruhusiwa siku mbili kabla ya kupelekwa mahali ambapo hatakanyaga popote. Begi lilikuwa limefungwa tayari karibu na mlango. Masufuria yalikuwa ndani ya kiroba. Nyar Alego alikuwa ameketi kitandani na gorogoro lake mapajani, lile kopo kubwa la kupimia omena, analifuta kwa kitambaa. Rose alikuwa kwenye varanda.

"Sista," Nyar Alego akasema bila kuniangalia, "nimeuza omena tangu huyu Ochieng' akinyonya. Unajua mteja akikuja kwangu mara ya kwanza anafanya nini?"

"Ananunua."

"Hanunui. Anachukua kopo, analigeuza, anaangalia chini." Akaligeuza. "Kuna watu wanapiga kopo na nyundo chini, inaingia ndani. Ukiangalia juu imejaa, lakini chini umeibiwa. Mteja akiona nyumbani omena ni kidogo, hasemi omena wamepungua. Hasemi watoto wamekula. Anasema, kopo." Sasa akaniangalia. "Wewe wiki tano umenipima. Umesema mimi mwongo. Umeangalia gazeti, umeangalia ndoo ya Rose, usifikiri hakuniambia. Kopo yako umeangalia lini?"

Nikacheka kidogo, ile ya dharau. "Mama, tepu ni tepu."

"Pima huu mwingine."

"Huu ni mzima. Hauna shida."

"Si ndiyo maana. Pima."

Nilipima ili yaishe. Nikapata arobaini na tano. Nikaishusha tepu nikapima tena. Arobaini na tano. Nikafungua daftari ukurasa wa kwanza, na pale, kwa mwandiko wangu mwenyewe, mguu mzima ulikuwa arobaini na nane.

Mguu mzima, ambao aliutegemea peke yake kwa wiki tano, alioruka nao mpaka chooni kwa magongo, umewezaje kukonda? Niliketi kwenye ukingo wa kitanda.

"Rose," Nyar Alego akaita, "leta tepu yako."

Rose aliingia na tepu mpya, ile ngumu isiyovutika, akailaza kitandani kando ya yangu, mwanzo kwa mwanzo. Namba za tepu yangu zilikuwa zimeachana na zake hatua kwa hatua, na kadiri unavyoenda ndivyo zinavyozidi kuachana, mpaka arobaini na tano yangu ikalala sawasawa na arobaini na nane ya Rose. Tepu ilikuwa imevutika. Ile mvua na lile kufuli.

"Kikulacho ki nguoni mwako," Rose akasema, na hakusema kwa upole. Nilistahili.

Tukapima mguu mbovu kwa tepu ya Rose. Arobaini na nne kasoro kidogo. Ulianza arobaini na mbili. Kumbe majuma yote hayo nyama ilikuwa inarudi, na mimi nilikuwa nikiipima kwa kitu kinachovutika haraka kuliko inavyokua, halafu namwita mwenye mguu mwongo.

Nilitaka kusema pole. Nyar Alego akaanza kabla yangu, na sauti yake ilikuwa imebadilika. "Unajua ni nini imeniuma, nyathina, mwanangu? Si kuniita mwongo. Sokoni naitwa mwongo kila siku. Ni kwamba nilikuamini. Nilikuwa nafanya, nasikia mguu unapata nguvu, halafu Ijumaa unakuja unasema umepungua. Nikafikiri ni mwili wangu unanidanganya. Juzi sikufanya. Jana sikufanya. Nikasema, ya nini?"

Alilia, nami nikalia. Rose alitazama mlango.

Ochieng' akatokea akiwa na gari la rafiki yake limeegeshwa juu kwenye lami, akauliza kama mizigo iko tayari kupakiwa kwa safari ya kesho. Nikasimama. Nimewahi kuwaambia watu habari mbaya za kila aina, lakini hii ilikuwa mara ya kwanza kumwambia mtu habari nzuri na kuiogopa. Nikamwambia, "Ochieng', mama yako hakudanganya. Mimi ndiye niliyepima vibaya. Tepu yangu imevutika. Mguu umeongezeka."

Alinitazama kama anavyotazamwa mtu anayeuza simu barabarani. "Sista, wiki jana ulisema umepungua. Uliandika. Leo mama analia, wewe pia unalia, na unasema umeongezeka. Sasa nishike gani?"

Mtu wa mashaka nilikuwa mimi. Sasa nimekutana na mwenzangu.

"Usishike yake," Nyar Alego akasema. "Na usishike yangu. Nipeni nafasi."

Alichukua magongo, akafika varandani, akayaegemeza kwenye ukuta, akashika meza ya cherehani ya Rose kwa vidole tu. Hiki ndicho kipimo ambacho ningekuwa nakifanya kama angeruhusiwa kukanyaga mapema: unasimamia mguu uliovunjika, unainua ule mzima, na anayepima anakaa nyuma yako kuangalia nyonga. Misuli ikiwa imekufa, nyonga ya upande uliouinua inaanguka papo hapo, na mtu anayumba kama yule fundi wa mjengo. Nikapiga magoti nyuma yake. Nikaweka vidole gumba juu ya mifupa miwili ya nyonga, kushoto na kulia, kama nilivyofundishwa.

"Ochieng', njoo upige magoti hapa," nikamwambia. "Usiniamini. Weka mkono wako mahali pa wangu."

Akapiga magoti kwenye saruji, akaweka mikono yake ya mchomeleaji kwenye nyonga za mama yake, kwa haya, kichwa amekigeuza upande. Nyar Alego akainua mguu.

Nyonga ikashikilia. Rose akahesabu kwa sauti: moja, mbili, tatu, nne. Ilitetemeka. Tano. Kisha ikashuka kidogo, akakanyaga, akashika meza kwa mikono yote miwili akihema.

"Umesikia?" nikamuuliza.

"Nimesikia," Ochieng' akasema. Alibaki palepale chini kitambo, mikono bado kwenye nyonga za mama yake. Kisha akaamka, akachukua begi lililofungwa, akalirudisha ndani.

Nilirudi kliniki kwa mguu, tepu mfukoni, sikuivaa. Nikatoa daftari. Nilikuwa nimeandika *hafanyi* mbele ya watu wangapi? Tepu haivutiki siku moja. Masika haya yaliivuta sana, lakini kitambaa huenda hujirudi kiangazi; masika ya mwaka jana je, na ya mwaka juzi? Sikuweza kujua nani alidanganya kweli na nani alisingiziwa. Yule fundi wa mjengo najua. Wengine sijui, na sitajua. Kuna mama mmoja wa Makina aliyeacha kuja kliniki baada ya mimi kumwambia anatupotezea muda. Nilimtafuta. Alishahama. Hili ndilo ninaloamka nalo siku hizi, wala msiniambie nililifanya kwa nia njema. Nia njema haijazi nyonga.

Na ndipo nikakumbuka ile mikato miwili kwenye benchi. Mama Zamzam hakuwa akinyoosha makunyanzi. Kila asubuhi, kabla ya kuuliza mguu wa mtu yeyote, aliuliza tepu yake mwenyewe. Na mimi niliona kila siku, kwa miaka, nisione. Nyani haoni kundule. Wiki yangu ya mwisho kazini nilitia mikato miwili kwa kisu kwenye ukingo wa ile meza ya plastiki, nusu mita kamili, nimepima kwa tepu ya Rose. Bwana mkubwa aliandika barua kwamba nimeharibu mali ya kliniki. Barua ninayo. Mikato msiizibe.

Nyar Alego alirudi sokoni miezi kadhaa baadaye. Nilikwenda siku ya kwanza, sikumwambia nakuja. Alikuwa amesimama nyuma ya meza yake ya omena, hana gongo, na nilipita kwanza kwa mbali nimwone akitembea kwenda kuchota maji. Tabia haiachiki. Alitembea sawa. Kuyumba kidogo tu, kama mtu aliyechoka.

"Sista, sasa?" akaniita kabla sijafika. Kumbe alishaniona nikimchungulia. "Unataka ngapi?"

"Gorogoro moja."

Akachukua kopo, akaligeuza chini juu, akaninyooshea. "Angalia."

"Mama, mimi nakuamini."

"Sitaki uniamini." Hakucheka. Mkono wake ulibaki umenyooka. "Angalia kopo."

Nikalipokea. Nikaangalia chini, nikapitisha kidole ukingoni, nikaangalia ndani, polepole, watu wengine wakingoja nyuma yangu kwenye foleni. Chini palikuwa tambarare. Nikamrudishia.

"Sasa nipimie," nikamwambia.